Mshipi Ndio Chubwi: Kuanza Uvuvi wa Nzi Ukiwa Mtwara au Lindi

Mtoto aliyekulia Mikindani hahitaji kufundishwa kurusha mshipi. Anafunga chubwi, kile kipande kizito cha kuzamishia ndoana, anachomeka kipande cha ngisi kwenye ndoana, anazungusha mkono mara mbili na kuachia. Chubwi linaruka, mshipi unalifuata. Uvuvi wa nzi umeupindua mpango huo. Chambo ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, mepesi kiasi kwamba ukiyarusha kwa mkono yanaanguka miguuni pako. Kinachoyapeleka mbali ni mshipi wenyewe, maana umetengenezwa mnene na una uzito. Mshipi ndio chubwi. Ukilishika hilo tangu siku ya kwanza, mengine yote yatajieleza, kuanzia fimbo unayonunua mpaka namna unavyosimama.

Jina limetoka kwenye mito ya baridi ya Ulaya, ambako samaki aitwaye trauti hula wadudu wanaotua juu ya maji, na wavuvi wakaanza kuwaiga wadudu hao kwa manyoya na nyuzi. Kuna maelezo ya zama za Warumi kuhusu wavuvi wa Makedonia waliokuwa wakifanya hivyo. Baharini tunaiga dagaa, uduvi na kaa wadogo, lakini jina la nzi limebaki. Shelisheli, kwenye bahari hii hii ya Hindi, wageni huvuka nusu ya dunia kwenda kumvua kolekole kwa njia hii. Sisi kolekole tunaye hapa hapa, na wengi wetu hatujawahi kujaribu.

Hatua ya kwanza: fimbo, rili na mshipi vyenye namba moja

Fimbo za nzi hupewa namba, na namba hiyo inaeleza uzito wa mshipi ambao fimbo iliundwa kuurusha. Wavuvi wa trauti hutumia namba 4 au 5. Kwa bahari yetu chukua namba 8 au 9, urefu wa futi 9, yaani mita 2.7 hivi. Mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 8 zina uzito wa takriban gramu 13.6, na za namba 9 zinazidi gramu 15 kidogo. Hilo ndilo chubwi lako, ila limetandazwa kwa urefu. Fimbo ya namba 9 ukiivisha mshipi wa namba 5 haitapinda, na fimbo isiyopinda hairushi. Mimi nakushauri namba 9, kwa sababu kusi likianza kuvuma utahitaji kila gramu.

Mshipi uwe wa kuelea, na hakikisha umeandikwa kuwa ni wa maji ya joto. Mishipi ya nchi za baridi ikipigwa na jua letu hulainika na kunata, ikawa kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Ni kosa ambalo wengi hulifanya kwa sababu huuziwa kwa bei nafuu, kisha hudhani mikono yao ndiyo mibovu.

Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, iwe ya maji chumvi, yenye breki inayoachia polepole bila kushtuka. Ndani yake, chini ya mshipi, viringisha uzi wa akiba usiopungua mita 150. Kolekole wa kilo 5 akiamua kuondoka, mita 30 za mshipi zinakwisha kabla hujashusha pumzi.

Mbele ya mshipi mnene inakuja nailoni, na hii huna haja ya kuiagiza. Nunua nailoni za kawaida za kuvulia kwenye maduka ya mjini na uziunge mwenyewe: mita 1.5 ya unene wa milimita 0.60, kisha nusu mita ya milimita 0.50, kisha sentimita 60 hivi ya milimita 0.40. Inakwenda ikipungua unene ili nguvu ya mrusho ifike kwenye nzi taratibu, na nzi atue bila kishindo. Ukiwa unamtafuta mzia ongeza kipande kifupi cha waya mwembamba, maana meno yake hayasamehe nailoni.

Fimbo, rili na mshipi vyenyewe huenda ukalazimika kuviagiza au kumwomba ndugu anayesafiri. Ukinunua vilivyotumika, pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wako.

Vingine unavijua: kofia, viatu vya kufunga, koleo ndogo, maji ya kunywa. Miwani usiione kuwa pambo. Ndoana itapita karibu na macho yako mara mia kwa siku.

Hatua ya pili: nyasi kabla ya maji

Hapa ndipo ninapomwomba kila anayeanza asiwe na haraka. Nenda uwanja wa mpira asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nyasi ndizo bora, kwa sababu mchanga na changarawe hukwangua mshipi. Usifunge ndoana. Mwisho wa nailoni funga kipande cha kitenge chenye rangi kali, kisichozidi ukucha wa dole gumba. Halafu tazama juu. Fimbo hizi ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo kaa mbali na nyaya, na radi ikinguruma ilaze fimbo chini uondoke.

Nyoosha mita 9 za mshipi mbele yako, ncha ya fimbo ikikaribia kugusa nyasi. Shika mpini dole gumba likiwa juu. Sasa fikiria sura ya saa ya ukutani imesimama ubavuni mwako, nawe umeelekea upande wa namba 9. Nasema namba zilizochapwa kwenye saa, si saa tunazozitaja mdomoni. Inua fimbo polepole, ongeza kasi kadiri inavyopanda, na ikifika namba 1 isimamishe ghafla kana kwamba imegonga ukuta. Mshipi utaruka nyuma yako. Subiri unyooke wote. Kisha sukuma mbele, taratibu kwanza halafu kwa kasi, na usimamishe tena ghafla ikifika namba 10. Mshipi utapita juu ya ncha ya fimbo ukiwa umefanya kitanzi, kitanzi kitajikunjua, na hapo unateremsha ncha kuufuata chini.

Fimbo inafanya kazi kama upinde. Uzito wa mshipi unaipinda, na kule kusimama ghafla ndiko kunakoifyatua. Asiyesimamisha anapepea tu, na mshipi unamwangukia kichwani.

Kusubiri ndiko kunakotushinda wengi. Mjomba wangu, aliyevua kwa mshipi wa mkono tangu ujana wake, alinitazama uwanjani jioni moja nikihangaika, akanambia, "Mjomba, mbona unagombana nao? Uache ufike kwanza." Hakuwahi kushika fimbo ya nzi, lakini alishaliona kosa. Ukisukuma mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma, utasikia mlio kama wa mjeledi. Uwanjani mlio huo unakatisha uzi wa kitenge. Baharini unakatisha nzi uliyemfunga kwa nusu saa. Ukichelewa mno, mshipi unaanguka chini nyuma yako. Kwa hiyo geuza kichwa uutazame. Wengi huona aibu kutazama nyuma, wakidhani bingwa hatazami. Tazama kila mrusho kwa wiki nzima, mpaka mkono wenyewe uanze kujua mshipi umefika.

Kosa la pili ni kukunja kifundo cha mkono. Kifundo kikikunjika, ncha ya fimbo inachora duara kubwa badala ya kwenda kwa mstari, na kitanzi kinakuwa kipana na kizembe. Dawa yake ni kuingiza tako la fimbo ndani ya mkono wa shati lako refu. Kifundo kikitaka kukunjika, shati litakizuia.

Robo saa asubuhi na robo saa jioni zinafundisha kuliko saa tatu za Jumapili, maana mkono uliochoka hujifunza makosa. Weka beseni umbali wa mita 12 ujaribu kutua ndani yake. Usihangaike na mita 25. Kwenye ghuba ya Mikindani samaki wengi utakaowapata watakuwa ndani ya mita 15, na anayetua mahali alipopakusudia atamshinda anayetua mbali ovyo.

Kuhusu upepo, jambo moja zito. Kama unarushia mkono wa kulia na upepo unatoka kulia, unausukuma mshipi, na ndoana yake, kuelekea mwilini mwako. Mwaka wangu wa kwanza niliupuuza upepo huo, ndoana ikaniingia nyuma ya sikio, na ikabidi ichanwe kwa wembe wa daktari kwa sababu sikuwa nimekibana kijino chake, kile cha karibu na ncha kinachoizuia isichomoke. Tangu siku hiyo kila ndoana yangu naibana kijino kwa koleo kabla haijaona maji. Samaki hawapungui, mradi mshipi usilegee. Na upepo ukiwa wa kulia, geuka uipe bahari mgongo na umpeleke nzi kwa ule mrusho wa nyuma.

Hatua ya tatu: mfunge nzi wako mwenyewe

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo rahisi kwetu kuliko kwa watu wengi, kwa sababu malighafi inatembea uani. Manyoya marefu ya shingoni mwa jogoo yanapepea majini kama mkia wa samaki mdogo. Nywele ndefu za mbuzi ni nzuri zaidi, kwa sababu zinashuka na kupumua majini. Muombe mchinjaji akubakizie kipande cha ngozi chenye nywele nyeupe, kioshe kwa sabuni, kianike kivulini kwa chumvi.

Nzi wa kuanzia naye anaiga dagaa. Bana ndoana ya saizi 1 au 2 isiyoshika kutu kwenye jiliwa ndogo, au kwenye koleo iliyokazwa kwa mpira. Zungushia uzi wa cherehani kwenye mti wa ndoana. Kata shanga mbili zilizoungana kutoka kwenye mnyororo wa chuma wa vishanga, ule wa kuning'inizia funguo, uzifunge kwa msalaba juu ya mti wa ndoana, karibu na tundu. Hayo ndiyo macho, na ndiyo uzito. Kwa kuwa yamekaa juu, ndoana ikizama itajigeuza ncha iangalie juu, na haitakwama kwenye majani na mawe ya chini. Funga nywele nyeupe upande wa macho, zipite nyuma ya ndoana kwa urefu mara mbili ya ndoana yenyewe. Igeuze ndoana, funga upande wa pili nywele za kijani au za kijivu, chache. Katikati weka nyuzi mbili tatu zinazometameta. Malizia kwa mafundo ya uzi na tone la rangi ya kucha isiyo na rangi.

Kila anayeanza huweka nywele nyingi mno. Dagaa akiwa majini anakaribia kupenyeka kwa macho. Ukidhani umeweka kidogo, punguza tena nusu.

Hatua ya nne: maji yakupe ruhusa

Ukiwa mtu wa pwani unajua bamvua na maji mafu. Unachohitaji ni kuyafunga maarifa hayo na uvuvi huu. Huku kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mnamo saa nne na kujaa mnamo saa kumi, na tofauti ya kimo huweza kupita mita 3. Maji yanakimbia sana, na anayeanza anaweza kujikuta fungu alilosimama limezungukwa.

Siku ninazozipenda kwa mwanafunzi ni siku ya 10 hadi ya 12 tangu mwezi kuandama, na tena siku ya 24 hadi ya 26. Hapo maji huwa yamekupwa alfajiri, karibu saa kumi na mbili, na yanaanza kurudi jua likiwa changa na upepo haujaamka. Jedwali la maji litakupa saa kamili, na mvuvi yeyote wa ngalawa atakupa bila jedwali.

Vua maji yanapoingia, saa mbili za mwanzo hasa. Maji yakirudi juu ya mchanga na majani, dagaa na uduvi husogea nayo, na kolekole wadogo, changu na chuchunge husogea nyuma ya dagaa. Simama pale maji ya kina yanapogusana na maji ya kina kifupi. Utapaona kwa rangi, kijani kibichi upande mmoja na samawati upande mwingine. Rushia kwenye mpaka huo. Ghuba ya Mikindani ina faida kwa sababu mlango wake ni mwembamba, na maji yote lazima yapite hapo. Kando ya mikoko kuna mapito madogo ambako samaki hungoja chakula kiletwe. Aliye Lindi atafute vivyo hivyo kwenye ghuba yao, upande wa mikoko ya mlango wa mto Lukuledi.

Tazama pia mkizi. Yeye mwenyewe hula uchafu wa chini na hatamjali nzi wako, lakini kundi la mkizi likiruka kwa pamoja kuna mwindaji chini yake. Rusha pembeni ya kundi. Pono na tasi usipoteze muda nao, wanatafuna majani.

Kusi linavuma takriban Aprili hadi Oktoba, na kwa mkono mchanga miezi ya Juni na Julai ni migumu. Anza kwenye malelezi, Oktoba na Novemba, kabla kaskazi halijashika.

Hatua ya tano: kuingia majini

Uvuvi nchini unakwenda kwa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Muone afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla hujaanza. Msimbati na Ruvula zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na huko kuna taratibu zake. Uliza ofisini kwao kwanza.

Karatasi peke yake haitoshi. Ufukoni utawakuta wazee wanaotengeneza nyavu na kina mama wanaotafuta pweza. Toa shikamoo, eleza unachofanya, uliza wapi pana mkondo. Usirushe mtu akiwa nyuma yako ndani ya mita 20. Wao ndio waliobaki na bahari hii miaka ile mabomu ya baruti ya kuulia samaki yalipokuwa yakilia karibu kila siku, na wanajua mwamba upi umeanza kurudisha samaki.

Ukitembea majini usinyanyue miguu, iburute mchangani. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia, naye akisikia mtikisiko huondoka. Akikanyagwa anachoma. Ikitokea umechomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, kisha nenda hospitali. Kwenye matumbawe usikanyage kabisa.

Baada ya kurusha, acha nzi azame kidogo, elekeza ncha ya fimbo chini kwenye maji, na uvute mshipi kwa mkono wa kushoto ukiupitisha chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Vuta fupi fupi, simama, vuta tena. Dagaa aliyejeruhiwa hatembei kwa mwendo mmoja.

Hapa mtoto wa pwani anamzidi mgeni. Mvuvi wa trauti akisikia samaki amegusa hunyanyua fimbo, na baharini hapo ndipo anapompoteza, kwa sababu fimbo inapinda na ndoana haiingii. Wewe vuta mshipi kwa mkono, moja kwa moja, kama ulivyofanya tangu utotoni ndani ya mtumbwi. Ukishahisi uzito ndipo unyanyue fimbo. Tazama miguuni, mshipi uliolegea usiwe umezunguka kidole wala kifungo. Akikimbia mwachie, vidole mbali na mkono wa rili, breki ifanye kazi. Akipumzika mrudishe. Akielekea mwambani ilaze fimbo upande ule mwingine umgeuze kichwa.

Wadogo nawarudisha. Lowesha mikono, usimburute mchangani, mshike majini ukimwelekeza kichwa kwenye mkondo mpaka ajichomoe mwenyewe. Mkubwa anayetosha sufuria nampeleka nyumbani, na nazi ikunwe.

Jioni hiyo hiyo, kabla hujala, osha rili na fimbo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usiipige rili kwa maji ya kasi, yatasukuma chumvi ndani. Legeza breki, uifute, uiache wazi usiku kucha. Pitisha mshipi kwenye kitambaa chenye sabuni kidogo. Kata sentimita chache za mwisho za nailoni, pale palipokwaruzwa na mwamba, ufunge upya. Nzi waning'inize mahali penye hewa mpaka wakauke kabisa ndipo warudi koponi, na ndoana iliyoanza kutu ibane ncha kwa koleo kabla ya kuitupa.